Usifute

Jumanne, saa nane mchana, ghorofa ya tatu,
Montevideo, mwezi wa saba, baridi ya kukata masikio.
Upepo wa nyikani unatikisa madirisha
tuliyoyaziba kwa magazeti ya mwaka jana.
Profesa Lacuesta anaingia, termosi kwapani,
kibuyu mkononi. Kibuyu kinazunguka.
Kinywaji chao kinaitwa mate,
na sibishani na jina:
mrija ni mmoja, midomo ni saba.

Tuko saba, na mashimo meusi mawili.
Hayo mawili yamo kwenye kompyuta ya chini, jirani na boila,
yanazungukana, yanakaribiana,
na kila alfajiri, yakibakiza kidogo tu kuungana,
programu inakufa.
Ximena anasema kosa ni la gridi.
Anselmo anasema kosa ni la Ximena.
Mimi nanyonya mrija uliokauka
maana mlinganyo ulioko ubaoni ni wangu.

Wiki ya tatu sasa uko pale,
mistari kumi na mmoja ya chaki,
na juu yake, kwa herufi kubwa: USIFUTE.
Bi Nélida, mfagiaji wetu,
amelitii neno lile kama dawa ya daktari.
Kila jioni anauzunguka mlinganyo kwa kitambaa chenye maji,
haugusi hata mkia wa herufi,
mpaka umekuwa kisiwa cha vumbi
katikati ya weusi unaong'aa.

Wanafunzi wa mwaka wa kwanza tunawaambia:
mvutano si kamba.
Ni godoro lililobonyea,
unajikuta umebiringika ubavuni mwa mwenzio
na hukukusudia.
Shimo jeusi ni pale ambapo, ukishavuka ukingo,
kitovu hakiko tena mahali fulani.
Kiko mbele yako kama kesho ilivyo mbele yako.
Kimbilia utakako. Kesho itafika.

Usiku ule nilibaki peke yangu.
Bi Nélida akaja na ndoo, akauliza ni nini hasa anachokilinda.
Nikamweleza: mwanga unaingia, hautoki.
Akakamua kitambaa.
"Kama benki," akasema.
"Mwaka elfu mbili na mbili. Jumatatu nimeweka akiba yangu,
Jumanne milango imefungwa.
Wakatuambia pesa zipo. Zipo, ila hazitoki."
Nilicheka. Yeye hakucheka.
"Uzito wake ndio uliobaki nje.
Hadi leo nikipita mtaa ule
miguu inapinda yenyewe."

Nikaacha kuandika.
Miaka minne ya udaktari, na sijawahi kulisema vizuri hivyo.

Kisha akasogea ubaoni, sauti ikashuka:
"Mwanangu, nina jambo la kukiri.
Mistari yote hapa mwanzoni ina kijistari. Huu wa saba hauna.
Nadhani nilikifuta mimi.
Wiki tatu silali."

Nikafungua daftari. Ukurasa wa arobaini, mstari wa saba.
Hakipo.
Nikarudi nyuma, rasimu ya mwezi wa nne, yenye doa la kahawa.
Hakipo. Hakijawahi kuwapo.
Alama moja ya kutoa, fupi kuliko ukucha,
na usingizi wa mwanamke asiye na kosa.

"Si wewe," nikamwambia. "Bi Nélida, si wewe."
Ilibidi niseme mara tatu.

Alfajiri mashimo yakaungana.
Kwenye skrini mstari ulipanda, ukatetemeka,
ukafifia kama kengele iliyotupiwa blanketi.
Anselmo alipiga meza. Ximena alimtazama Anselmo
mpaka akaomba radhi.
Profesa akajaza kibuyu na kukipitisha kwangu kwanza,
nami nikakipeleka nje, koridoni,
palipokuwa na ndoo.

Mlinganyo tumeshaufuta.
Neno lile, sijui nani alilisahau, limebaki juu peke yake,
halilindi chochote.
Bi Nélida bado analizunguka.